Kwa nini moshi wa Julai haupandi? Kijana wangu ana pumu na nina daftari la miezi kumi na minane

Mama Mandazi, Kariobangi South – Jumamosi, saa nne usiku

Habari za jioni wenzangu. Nina swali, na mtaniwia radhi kwa urefu wake kwa sababu nimelibeba muda mrefu.

Nauza mandazi na chai kando ya barabara hapa Kariobangi South, Nairobi, si mbali na barabara kuu ya Outering. Unga naukanda jioni. Saa kumi alfajiri jiko liko nje, nalipepea kwa kipande cha katoni mpaka makaa yashike. Ni mwaka wa kumi na moja sasa nasimama pale pale, na juu ya kichwa changu zinapita nyaya za stima. Hizo nyaya ndizo zilizonifungua macho.

Mwezi wa nne na wa tano, hasa mvua ikiwa imenyesha usiku, moshi wa jiko langu unapanda, unazipita nyaya, unapotea. Mwezi wa saba unapanda mpaka kwenye nyaya kisha unalala. Unalala kabisa, kama shuka lililotandikwa. Moshi wa mama wa githeri aliye ng'ambo unakuja kuungana na wangu, na ule wa matatu zinazopasha injini stejini, na kufikia saa kumi na mbili koo linaniwasha.

Kijana wangu ana miaka tisa. Pumu ilimwanza akiwa na mitatu. Mahali nilipompeleka mara ya kwanza niliambiwa ni baridi tu, nimvishe nguo nzito. Nilimvisha. Usiku ule alibanwa akiwa na sweta mbili mwilini, nikatoka naye mbio mgongoni kutafuta pa kupata nebulaiza, ile mashine ya kumvutisha dawa, na tangu hapo nilijiambia nitajifunza kifua cha mwanangu mwenyewe. Mwanzoni mwa 2024 nilinunua daftari la miraba, lile la hesabu. Kila mraba ni siku. Akikohoa naweka K, akibanwa mpaka tukahitaji dawa ya kuvuta naweka B, akiwa mzima naacha wazi.

Aprili 2024, mvua ile iliyofurika Mathare ikabeba nyumba za watu, miraba mitatu tu ina alama. Julai 2024 ina kumi na tisa. Hapo ningekubali ni baridi. Lakini Januari 2025 ina kumi na moja, na Januari mnaijua, mchana jua linachoma mpaka unatafuta kivuli. Kama ni baridi, hizi kumi na moja zimetoka wapi?

Tena mdogo wangu anasoma Delhi, India. Novemba alinipigia simu akikohoa, akasema kule kila majira ya baridi yakikaribia hewa hukwama juu ya mji na moshi hukaa siku nyingi. Sasa nauliza: kuna hali ya hewa kubwa, ya kuvuka nchi na nchi, inayoamua moshi wangu upande au ulale? Na kama ipo, naweza kuijua japo siku moja kabla?

Fundi wa Outa – Jumamosi, saa tano kasorobo usiku

Pole sana mama, hasa kwa huo usiku wa mgongoni. Mimi nachomelea vyuma Kariobangi Light Industries. Kitu kimoja nimekiona: mwezi wa saba makaa yanauzwa yakiwa na unyevu, magunia yamelala nje kwenye manyunyu. Makaa yenye maji hutoa moshi mwingi zaidi kabla ya kushika. Kwa hiyo pengine si anga, ni gunia. Yaanike kwanza uone.

Mzee wa Puto – Jumapili, saa moja asubuhi

Mama, nimesoma ulichoandika mara mbili kabla ya kunywa chai. Fundi yuko sawa kuhusu makaa, yaanike. Lakini gunia lenye maji haliwezi kueleza kwa nini moshi unasimama kwenye nyaya.

Nimestaafu sasa. Kwa miaka ishirini na sita kazi yangu ilikuwa kurusha puto la hali ya hewa pale Dagoretti Corner. Si puto la watoto. Ni mpira mweupe ambao ukishajazwa gesi unanizidi kimo, na chini yake kunaning'inia kisanduku chepesi kiitwacho radiosondi. Kisanduku kinapima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa kikiwa kinapanda, na kinatuma namba kwa redio. Tulikuwa tunalirusha kabla ya saa tisa usiku, kwa kuwa saa tisa yetu ni saa sita ya usiku kule Greenwich, na vituo vya dunia nzima vinarusha kwa wakati mmoja. Unatoka nje gizani umeshika kamba, mpira unakuvuta mkono, unauachia, kisha unarudi ndani haraka kutazama namba zinavyoingia.

Kwa kawaida joto hupungua kadiri unavyopanda, wastani wa digrii 6.5 kwa kila kilomita. Julai namba zilikuwa zinakataa. Nakumbuka usiku mmoja chini tulikuwa na digrii 10, na kisanduku kilipofika mita mia mbili na kitu juu yetu kikasoma 12. Kikapita hapo, kikaanza kupoa vizuri. Kilipokaribia kilomita 3 kutoka usawa wa bahari, joto likaruka tena na hewa ikawa kavu ghafla. Vifuniko viwili, kimoja juu ya kingine.

Moshi wako hupanda kwa sababu una joto kuliko hewa iliyouzunguka. Njiani unapoa. Ukifika mahali ambapo hewa ya pale ina joto sawa nao au zaidi, hauna tena cha kuusukuma juu, basi unalala. Nyaya zako zimekuonyesha bure kitu ambacho sisi tulikitafutia puto na kisanduku.

Kifuniko cha chini hutengenezwa na ardhi ya hapa hapa. Usiku ukiwa mweupe, bila wingu wala upepo, ardhi hutoa joto lake likaenda zake angani. Hewa iliyoigusa ardhi inapoa kuliko iliyo juu yake, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, inateremkia mabondeni: Mathare, Korogocho, kandokando ya mto Nairobi. Ukishuka bondeni alfajiri unaisikia kwenye vifundo vya miguu.

Kifuniko cha juu ndicho jibu la swali lako, maana hicho hakitengenezwi Nairobi. Juni mpaka Agosti ni majira ya baridi kusini mwa dunia. Wakati huo, katika Bahari ya Hindi, kusini zaidi ya visiwa vya Mauritius na Réunion, kunaimarika mgandamizo mkubwa wa hewa tunaouita Mascarene. Hewa pale inashuka kutoka juu. Hewa ikishuka hubanwa, na ikibanwa hupata joto. Ukitia baiskeli upepo, shika pampu kwenye mdomo wake utaelewa. Hewa hiyo ya juu, kavu na yenye joto, inatandaa mbali sana. Chini yake mgandamizo huo unasukuma upepo wa kusi unaovuka bahari, unabeba unyevu, unapanda nyanda za juu na kuwa lile wingu la kijivu mnaloliona kuanzia asubuhi mpaka jioni. Wingu linataka kupanda liwe mvua, linagonga kifuniko, linabaki manyunyu.

Madhara yake kwako ni haya. Siku ya kawaida jua hupasha ardhi, hewa ya chini inachemka kama uji, na kufikia saa nne au saa tano kifuniko cha usiku kimevunjika. Julai jua liko nyuma ya wingu. Ardhi haipati joto la kutosha, hewa haichemki, na tukiwa tumekaa mita 1,600 na zaidi juu ya bahari, kifuniko cha kusi hakiko mbali na paa zetu. Moshi unaotoka majikoni na kwenye magari si mwingi sana kuliko wa Mei, ingawa watu huongeza makaa kwa ajili ya baridi. Kilichobadilika ni kimo cha chumba, yaani nafasi iliyo kati ya ardhi na kifuniko. Mchana wa jua kali chumba hicho hupita kilomita moja kwenda juu. Asubuhi ya Julai kinaweza kuwa mita mia chache tu. Chumba kikifupika mara tano, moshi ule ule unakuwa mzito mara tano, na mtoto anauvuta wote.

Kabla sijasema neno kuhusu Januari nataka kitu kutoka kwenye daftari lako. Je, uliandika saa? Januari alikuwa anakohoa saa ngapi, na Julai saa ngapi?

Baharia wa Mtongwe – Jumapili, saa tatu asubuhi

Shikamoo mzee. Nimestaajabu kidogo. Huku Mombasa kusi ndiyo inayotusafishia mji. Ikivuma Juni na Julai ngalawa ndogo hazithubutu kutoka nje ya miamba, na mtu akichoma takataka uani moshi umeshafika bara kabla hajageuka. Kaskazi ikilegea, mwezi wa tatu kabla ya masika, hapo ndipo hewa inasimama na moshi wa kivuko unakaa puani. Inakuwaje upepo mmoja utusafishe sisi na uwafunike wenzetu?

Mzee wa Puto – Jumapili, saa nne kasoro

Marahaba mwanangu. Ninyi mko chini, usawa wa bahari, na upepo unawafikia ukiwa na nguvu zake zote. Kifuniko kipo juu yenu pia, lakini kiko mbali sana na paa. Sisi tumepanda mlima tukakisogelea, na upepo unatufikia umechoka, umekwaruzana na nchi kavu karibu kilomita 450. Mgandamizo ni ule ule. Kila mji unaupokea kwa mahali ulipokaa.

Mama Mandazi, Kariobangi South – Jumapili, saa nane mchana

Shikamoo mzee. Nimetoka kanisani nikaenda moja kwa moja kwenye daftari. Saa niliandika, kwa penseli, kona ya mraba.

Januari: alama zote kumi na moja ziko kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tatu asubuhi. Hakuna hata moja ya mchana. Nakumbuka sasa, saa nne alikuwa nje anacheza mpira na wenzake kana kwamba si yeye.

Julai: anaanza alfajiri, saa nane mchana bado, jioni nikiwasha jiko la chakula cha usiku anarudia.

Kuna kingine ambacho sikukitilia maanani. Januari, siku sita nimeandika pembeni "harufu ya plastiki". Julai sikuandika hata mara moja, na Julai ndiyo yenye alama nyingi. Nilidhani nilisahau.

Mzee wa Puto – Jumapili, saa kumi jioni

Hukusahau, mama. Umepima.

Januari kwetu ni msimu wa kaskazi. Anga ni jeupe, usiku ardhi inapoteza joto upesi, kifuniko cha chini kinakaza sana alfajiri. Jua likitoka linakivunja, na saa nne mtoto anacheza mpira. Tatizo la Januari ni kali na fupi. Julai kifuniko ni cha juu na wingu linakilinda, kwa hiyo tatizo si kali kwa saa moja lakini halina mchana wala jioni.

Na ile harufu: Jaa la Dandora, lililopo tangu 1975, liko kaskazini mashariki yako. Upepo wa Januari hutokea huko, unakuja juu ya moto wa taka na kukuletea mlangoni. Julai upepo unatoka kusini mashariki, na moshi huo huo unawaendea watu wa Korogocho. Kwa hiyo usifurahie Julai kukosa harufu ile, kuna mama mwingine anayo. Naandika hivi kwa uchungu kwa sababu jaa lile lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na kila asubuhi malori bado yanaingia.

Mdogo wake, Delhi – Jumapili, saa kumi na mbili jioni

Dada, umenitaja nami nimeona niseme mwenyewe.

Novemba 2024 nilikuwa na mwaka mmoja hapa. Dirisha la hosteli linatazama tangi la maji la jengo la jirani, jeusi, kama mita themanini hivi. Hilo tangi likawa kwangu kama nyaya zako. Mwanzoni mwa mwezi lilikuwa linafifia asubuhi na kurudi mchana. Tarehe 18 halikurudi. Kipimo cha uchafu wa hewa ya mji kilikaribia 500, na kipimo chao kinaishia hapo hapo 500. Shule zilihamia kwenye simu na kompyuta, malori mengi yakazuiwa kuingia mjini, nasi tukafunga taulo lenye maji chini ya mlango. Ulimini nilikuwa na ladha kama ya sarafu.

Nilichojifunza ni kwamba hapa vitu vitatu vinakutana. Mvua za monsuni zinaondoka mwezi wa tisa na upepo wake unaondoka nazo. Wakulima wa majimbo ya Punjab na Haryana wanavuna mpunga na wana wiki chache tu za kupanda ngano, hivyo wanachoma mabua shambani, na upepo mdogo uliobaki unatoka huko huko kuja mjini. Halafu kaskazini kuna Himalaya, kama ukuta wa ua, moshi hauna pa kutokea. Usiku kifuniko alichosema mzee kinashuka sana, na Januari kinaungana na ukungu.

Kinachotuokoa hutoka mbali kuliko nilivyowahi kufikiri. Kuna dhoruba zinazoanzia upande wa Bahari ya Mediterania, zinapita Iran na Pakistan, zinafika kaskazini mwa India zikiwa na mvua. Siku moja kabla hazijafika, upepo unakufa na hali inakuwa mbaya zaidi. Zikipita, upepo baridi unavuma kutoka kaskazini magharibi na unaona nyota. Majira ambayo dhoruba hizo ni chache, tunavuta moshi wiki na wiki. Kwa hiyo ndiyo dada, hali ya hewa kubwa ipo. Mimi naisubiri kama basi.

Msalimie kijana. Mwambie shangazi... hapana, mama mdogo, amemnunulia kofia.

Tabibu wa Eastlands – Jumapili, saa mbili usiku

Natibu watoto, na Julai foleni yangu inafika barabarani. Niongeze machache kwa sababu usiku unaingia na watu wanasoma hapa wakiwa wamewasha jiko ndani.

Kinachomdhuru kijana zaidi ni chembe ndogo zinazoitwa PM2.5, zisizozidi mikromita 2.5 kwa upana. Unywele wa kichwani ni mpana kuliko hizo mara ishirini na zaidi. Hazizuiwi na pua, zinafika ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango chake cha mwaka kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, na cha siku moja ni 15.

Yule aliyekwambia ni baridi hakukosea kabisa. Hewa baridi hukaza njia za hewa za mwenye pumu, na mafua ya msimu huu huamsha mashambulizi mengi sana. Alichokosa ni kuishia hapo. Mama, uliza kliniki kama kijana anatakiwa kuwa na dawa ya kuvuta ya kila siku, ile ya kuzuia, si ya kufungua tu anapobanwa. Ni vizuri aivute kupitia chemba, kile chombo kinachowekwa kati ya dawa na mdomo. Kama hakuna, waombe wakuonyeshe namna ya kuitengeneza kwa chupa ya soda ya nusu lita iliyotobolewa kitako. Inafanya kazi.

Na jiko lisiingie ndani kulala na watu. Makaa yanayofifia hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na kila kipupwe jiji hili linazika watu waliolala wakiota moto. Dirisha lililofungwa na zulia mlangoni ni kifuniko kingine, na hicho ni juu yetu wenyewe.

Mzee wa Puto – Jumapili, saa tatu usiku

Asante tabibu. Nilikuwa nasahau chumba cha kulala kwa kutazama angani.

Binti wa Delhi amenikumbusha jambo ambalo lilinishangaza hata mimi niliyelifanyia kazi. Majira ya baridi ya kaskazini, juu ya Siberia na Mongolia hukaa mgandamizo mkubwa, jamaa wa Mascarene lakini wa nchi kavu, wa baridi kali. Ulaanbaatar, mji mkuu wa Mongolia, uko chini yake kabisa, bondeni. Upepo hakuna, Januari usiku hushuka mpaka digrii 30 chini ya sifuri, na familia za kwenye mahema zimekuwa zikijipasha kwa makaa ya mawe. Moshi unasimama juu ya mji kama maji kwenye bakuli. Sasa, mgandamizo huo ukiwa na nguvu, unarusha upepo baridi kwenda kusini, na Beijing inapeperushiwa moshi wake. Ukilegea, upepo haufiki, na Beijing inazama. Januari 2013 vipimo vya pale vya chembe zile za PM2.5 vilipita mikrogramu 700 kwa kila mita ya ujazo. Watafiti wamejaribu hata kuunganisha kulegea kwa upepo huo na kupungua kwa barafu ya Aktiki na theluji ya Siberia. Huko ndiko umbali wa mambo haya: barafu inayeyuka huku, mtoto anakohoa kule.

Ulaya nako mambo ni hayo. Desemba 1952, tarehe 5 mpaka 9, mgandamizo mkubwa ulitua juu ya London wakati kila nyumba inachoma makaa ya mawe. Hesabu ya kwanza ilisema watu wapatao 4,000 walikufa. Hesabu za baadaye zimefika 12,000. Mwaka 1956 Waingereza wakatunga sheria ya hewa safi. Migandamizo ya Desemba bado inarudi juu ya London hadi leo, ila haikuti tena moshi ule. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu nimewahi kumsikia mtu mzima mwenye dhamana akisema moshi wa Nairobi ni mambo ya hali ya hewa. Hali ya hewa haijawahi kuwasha moto jalalani.

Kuhusu kujua siku moja kabla, mama, unaweza. Jioni ukiona nyota zote, bendera na nguo kwenye kamba hazitikisiki, jua alfajiri kifuniko kitakaza; hiyo ni hasa Desemba hadi Machi. Julai sikiliza utabiri: wakisema mawingu siku nzima na manyunyu, bila vipindi vya jua, ujue chumba hakitapanuka mchana. Wakisema jua litachomoza kabla ya saa sita, hapo mtoto ana nafuu ya alasiri. Mvua kubwa inaosha, lakini manyunyu hayaoshi kitu.

Na miaka haifanani. Vuli ya 2019 upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko kawaida, mvua ikanyesha mpaka mito ikavunja kingo, hewa ikaoshwa kila siku. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua ilikosekana kwa misimu mitano katika maeneo mengi, na vumbi likaja kujumlishwa kwenye moshi. Kwa hiyo usihukumu daftari lako kwa mwaka mmoja. Endelea nalo. Ningekuwa bado kazini ningekuomba nakala.

Jambo dogo la mwisho: saa kumi alfajiri, saa unayowasha, ni kati ya saa ambazo chumba kinakuwa kifupi zaidi. Najua mandazi hayasubiri. Lakini hata kulisogeza jiko mbali na dirisha la kijana, upande ambao hewa inaelekea, kutapunguza kitu.

Mama Mandazi, Kariobangi South – Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi

Shikamoo mzee. Tabibu, kliniki naenda Alhamisi, nimeandika hayo maneno ya dawa ya kuzuia ili nisiyasahau nikifika. Mama mdogo, kofia amesikia, anauliza ina rangi gani.

Naandika nikiwa kazini, mikono ina unga. Wingu limeshuka, ghorofa iliyo mbele yangu siioni paa. Jana jioni nilianika makaa juu ya gunia karibu na jiko, Fundi, na leo yameshika kwa nusu ya muda. Jiko nimelisogeza hatua kumi na nne, nikalipitisha kona ya duka la kinyozi, mbali na dirisha letu. Wateja wawili wamenipita wakidhani sijafungua.

Moshi umefika kwenye nyaya ukalala, ila unaelekea barabarani, hauelekei nyumbani. Kijana bado amelala. Nimepita kumsikiliza mara mbili, kifua hakipigi filimbi. Mraba wa leo nimeuacha wazi kwanza, nitaujaza usiku.

Mzee, nakala ya daftari nitakupigia picha ukurasa kwa ukurasa. Nianzie Januari ipi?